Mcha Mungu anayechomoa upanga: ni nani yule mwanamume wa Cranach kule Dresden?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi kutoka Moshi, niko Dresden mwaka wa pili sasa. Jumapili moja sikuwa na zamu, nikaenda kuangalia picha za zamani pale kwenye jumba la Zwinger. Nikasimama mbele ya mwanamume mmoja wa ukubwa wa mtu, amevaa nguo nyekundu zilizochanwachanwa, ana maua kichwani, jibwa miguuni, na anachomoa upanga. Kibao kinasema ni Herzog Heinrich der Fromme, yaani Heinrich Mcha Mungu. Mcha Mungu gani huyu? Sisi Walutheri wa Kilimanjaro hatujazoea mcha Mungu wa namna hii. Ni yeye kweli au jina limekosewa? Na jambo la pili: nimesoma kwamba ilichorwa juu ya mbao, ila sasa iko kwenye kitambaa. Ile ni ya asili au ni nakala?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Jina halikukosewa, na picha ni ya asili. Yule ni Heinrich, mtawala wa Saksonia, aliyezaliwa hapohapo Dresden tarehe 16 Machi 1473. Mchoraji ni Lucas Cranach Mkubwa, na mwaka wa kuchorwa ni 1514. Shika huo mwaka, maana kero yako yote imo humo. Watu walikuja kumwita Mcha Mungu kwa jambo alilolifanya mwaka 1539, akiwa mzee wa miaka 66. Picha ililitangulia jambo hilo kwa robo karne. Mwaka 1514 Luther mwenyewe alikuwa bado hajaandika hata hoja moja kati ya zile 95. Kibao cha ukutani kimemvika mtu wa miaka 41 sifa ya mzee, ndiyo maana haimkai.

Sasa ni nani huyu wa miaka 41? Ni mdogo wa mwenye nchi. Ukilielewa hilo, nusu ya picha umeshaielewa.

Nchi ya Saksonia iligawanywa mwaka 1485 na ndugu wawili, Ernst na Albrecht, kama warithi wanavyogawana shamba la marehemu: huyu achukue huku, yule achukue kule, na maneno yasiishe vizazi vitatu. Upande wa Ernst ukapata Wittenberg, na ndiko alikotoka Friedrich Mwenye Hekima, yule aliyekuja kumkinga Luther. Upande wa Albrecht ukapata Dresden na Leipzig. Heinrich ni mtoto wa Albrecht, na mama yake, Sidonie, alikuwa binti wa mfalme wa Bohemia. Damu ilikuwepo; kilichopungua ni ardhi. Mwaka 1499 Albrecht aliagiza kwamba nchi yake ya Saksonia isikatwe tena, yote iende kwa mtoto mkubwa, Georg. Heinrich akapewa Friesland, kule mbali kwenye pwani ya Bahari ya Kaskazini.

Ukitaka kujua urithi huo ulikuwa wa aina gani, mwaka uliofuata Wafrisia walimzingira kijana huyo ndani ya mji wa Franeker mpaka baba yake akaja na jeshi kumtoa. Albrecht akafa mwaka huohuo wa 1500. Heinrich aliuvumilia urithi huo kwa miaka michache, kisha mwaka 1505 akamwachia kaka yake Friesland, naye akapokea wilaya mbili, Freiberg na Wolkenstein, pamoja na posho ya kila mwaka. Freiberg ulikuwa mji wa machimbo ya fedha, si mahali pa kudharau. Lakini mwenye nchi ni Georg, na Georg ndiye aliyekaa Dresden. Mwaka 1515 Georg akaiuza Friesland kwa Karl wa ukoo wa Habsburg, yule aliyekuja kuwa Kaisari, kwa gulden 100,000, sarafu za wakati ule. Mwaka mmoja tu baada ya picha uliyoiona.

Kwa hiyo aliyesimama mbele yako Jumapili ile ni mtu wa damu ya kifalme anayekula posho ya kaka yake. Rudi sasa umwangalie tena.

Kwetu kulikuwa na picha ya babu iliyopigwa studio, zamani za picha nyeusi na nyeupe. Amesimama wima, kanzu imenyooka, koti juu, mkono mmoja umeegemea stuli yenye redio. Bibi alikuwa akicheka kila akiipangusa vumbi. Koti la mwenye studio, anasema, redio ya mwenye studio, stuli ya mwenye studio. Cha babu ni uso na viatu tu, na viatu vyenyewe kaviazima kwa shemeji. Wala hakuna aliyeona kwamba babu amedanganya. Studio watu walikwenda ili waonekane jinsi walivyostahili kuonekana. Mwangalie Heinrich kwa jicho hilo la bibi, ila jua kwamba nguo zile zilikuwa zake kweli, na zilimgharimu.

Kwanza ukubwa. Sentimeta 184 kwa 82 na nusu, karibu upana wa mlango wa chumba. Ujerumani ya wakati ule, mtu akichorwa, huchorwa kifuani kwenda juu, kama picha ya pasipoti, au akizidisha hufika kiunoni. Friedrich Mwenye Hekima mwenyewe, mmoja wa watawala saba waliokuwa na haki ya kumchagua Kaisari, alipochorwa na Albrecht Dürer mwaka 1496 alitosheka na kitambaa cha sentimeta 76 kwa 57. Iko Berlin, na macho yake yanakufuata mpaka mlangoni. Picha nzima, tangu utosi hadi ukucha, kwa kimo cha mtu, walichorewa watakatifu. Hao ndio waliosimama wima kwenye mbao nyembamba ndefu pembeni mwa madhabahu, mmoja kushoto, mmoja kulia. Mfadhili aliyelipia kazi alichorwa chini, mdogo, kapiga magoti.

Cranach alizichora mbao za namna hiyo maisha yake yote. Sasa tazama alichofanya hapa: amechukua umbo lilelile la ubao wa pembeni mwa madhabahu, akamwondoa mtakatifu, akamsimamisha mdogo wa mwenye nchi. Nyuma yake kaweka weusi mtupu. Hakuna dirisha, hakuna pazia, wala mandhari ya mlima na mto. Picha hii na mwenzake, ile ya mkewe, ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa Ulaya kumwonyesha mtu wa kawaida, yaani asiye mtakatifu, peke yake kwa kimo chake chote. Waitalia huwa wanaleta ubishi kwa kutaja kijana mwenye deraya wa Vittore Carpaccio, wa mwaka 1510, aliyeko Madrid. Hoja wanayo, mwaka ni wao. Lakini jina la kijana yule wataalamu bado wanagombania. Jina la Heinrich tunalo, na la mkewe, na posho yake tunaijua ilitoka wapi.

Nguo. Uliandika "zilizochanwachanwa", na hilo ndilo neno lenyewe. Kitambaa chekundu kimepasuliwa makusudi, mpasuko baada ya mpasuko, ili kile cha rangi ya dhahabu cha chini kichungulie. Mtindo huu ulitoka kwa askari wa kukodiwa, Waswisi na Wajerumani. Kuna hadithi ambayo kila fundi cherehani wa Uswisi angependa iwe kweli: kwamba baada ya kumshinda mtawala wa Burgundia pale Grandson mwaka 1476, askari waliingia katika mahema yake ya hariri, wakazikata zile hariri na kuziba nazo matundu ya nguo zao zilizoraruka vitani. Iwe kweli isiwe, mtindo ulipanda kutoka kambini hadi ikulu, si kinyume chake, na mtu aliyewahi kuzingirwa Franeker alikuwa na sababu ya kuuvaa kuliko wengi.

Wekundu nao una bei yake. Mwaka 1514 Ulaya ilikuwa haijapata wale wadudu wa rangi kutoka Meksiko. Nyekundu nzuri ya nguo ilitoka kwa kermesi, mdudu mdogo wa kwenye mialoni ya nchi za Mediterania, anayekusanywa kwa kucha, mmojammoja, akakaushwa na kusagwa. Suti kamili ya rangi ile, kisha unaichana kwa mkasi. Huo ndio ujumbe: ninacho mpaka cha kuharibu.

Halafu maua. Nakubali ndiyo yanayochekesha, baba mzima na taji la maua kama mtoto wa kipaimara. Ni kanesheni, ua lilelile ambalo Kenya hulipanda kwa ajili ya soko la Ulaya. Kwa Wajerumani wa enzi zile lilikuwa ua la uchumba na ndoa. Utaliona mkononi mwa wachumba katika picha nyingi za karne ile. Heinrich alimwoa Katharina wa Mecklenburg mjini Freiberg mwaka 1512, miaka miwili kabla ya picha. Mtoto wa kwanza, Sibylle, alizaliwa mwaka 1515. Kwa hiyo Cranach anawachora watu walio katikati: harusi imepita, mtoto hajaja, na bila mtoto wa kiume hata zile wilaya mbili hazina mrithi.

Niruhusu nitoke nje ya njia kidogo. Wajerumani ua hili huliita Nelke, na karafuu nayo huiita Nelke. Neno moja. Limetokana na msumari mdogo, kwa vile karafuu kavu ina kichwa na shina kama msumari, na ua likapewa jina la karafuu kwa ajili ya harufu yake. Waarabu nao wana neno moja, qaranful, kwa karafuu na kwa ua, na ndilo sisi tulilolichukua tukasema karafuu. Karafuu za mwaka 1514 zilitoka visiwa vya Maluku, mbali kabisa mashariki. Unguja na Pemba zilikuwa bado zina karne tatu za kusubiri mikarafuu. Lakini ukisimama tena mbele ya yule bwana, jua kwamba kichwani amevaa kitu ambacho mtu wa pwani angeweza kukitaja kwa jina lake.

Upanga sasa. Mkono mmoja uko kwenye mpini na upanga unatoka alani. Wengine hulieleza hili kuwa ishara ya mamlaka ya kuhukumu, maana upanga ndio uliokata shingo za wahalifu na si kila mwenye wilaya alikuwa na haki hiyo. Wengine husema ni mlinzi wa mke wake, aliye kwenye ubao wa pili. Mimi naona vyote viwili vinakubalika, ila naongeza langu: Heinrich alipenda silaha kupita kiasi, na mizinga ndiyo iliyokuwa kipenzi chake. Mtu anayependa mizinga kama wengine wanavyopenda farasi, ukimwambia asimame achorwe, mikono yake itakwenda wapi? Jibwa la miguuni ni la kuwindia. Ardhi ya kuwindia ilikuwa haki ya wakubwa, kwa hiyo hata mbwa ni hati ya umiliki. Viatu ni vile vipana vya mbele, mtindo mpya wa wakati ule. Baba zao walivaa viatu vilivyochongoka kama mkuki.

Nimekuvumilia mpaka hapa, sasa nikuulize mimi. Mbona hukumtaja mkewe hata kwa neno moja? Yuko upande wake wa kushoto, kimo kilekile, weusi uleule nyuma, nguo ya nyekundu na dhahabu, kofia pana yenye manyoya na kijibwa kidogo miguuni. Picha zile mbili ni jozi. Ukimtazama Heinrich peke yake umesoma barua nusu, na nusu uliyoiacha ndiyo yenye jibu la swali lako.

Katharina alizaliwa mwaka 1487, miaka 14 baada ya mumewe. Wote wawili waliolewa na kuoa wakiwa Wakatoliki, kwani wakati ule hapakuwa na kitu kingine. Mafundisho ya Luther kutoka Wittenberg yalipoanza kuenea, aliyeyapokea kwanza katika nyumba ile ni mama. Baba alisita, na kusita kwake kulikuwa na hesabu: posho ilitoka kwa Georg, na Georg alikuwa adui mkubwa wa Luther, mtawala aliyepiga marufuku hata ile Agano Jipya aliyoitafsiri Luther isisomwe katika nchi yake. Mwaka 1528 pale Freiberg penyewe, mtawa Ursula wa Münsterberg, binamu yao Georg na Heinrich kwa upande wa mama, alitoroka nyumba ya watawa na kwenda kukimbilia nyumbani kwa Luther. Fikiria maneno ya kaka mkubwa siku ile: mke wako hivi, mji wako hivi, binamu yetu naye hivi, wewe unafanya nini? Haikupita chini ya miaka minane tena kabla Heinrich hajayaachia mahubiri ya Kilutheri yaenee Freiberg, mwaka 1536 na 1537.

Kisha mambo yakaenda mbio. Georg alikuwa na watoto wawili wa kiume waliofika utu uzima. Johann akafa mwaka 1537, Friedrich akafa Februari 1539, na hakuna aliyeacha mrithi. Mzee alijaribu kuandika wosia ili nchi iende kwa mdogo wa Kaisari kama Heinrich asipobaki katika dini ya zamani. Wosia haukusimama. Tarehe 17 Aprili 1539 Georg akafariki, na mdogo aliyekula posho kwa zaidi ya miaka 30 akaingia Dresden kama mwenye nchi. Pentekoste ya mwaka huohuo Luther alihubiri Leipzig, mji ambao wiki chache kabla yake asingeweza kukanyaga kwa usalama. Ndipo likaja hilo jina la Mcha Mungu. Heinrich alitawala miaka miwili na miezi minne tu, akafa tarehe 18 Agosti 1541. Kwa tathmini yangu, kama mtawala hakuwa hodari. Alipenda raha, alichoka haraka, na mambo mengi aliwaachia watu wake. Lakini miaka miwili ile ilitosha kugeuza nchi nzima.

Na hapa ndipo wewe unapoingia, upende usipende. Shirika la Misheni la Leipzig, lililoanzia Dresden mwaka 1836, ndilo lililotuma wamisionari wake Kilimanjaro mwaka 1893, wakaanzia Machame. Sisemi yule bwana wa maua kichwani ndiye aliyewaletea Ulutheri Uchagani. Kati yao kuna miaka 354 na watu wengi mno. Nasema tu kwamba Leipzig usingekuwa mji wa Kilutheri mwaka ule kama Georg angeacha mtoto mmoja hai.

Tuje kwenye mbao na kitambaa, maana naona hilo lilikutia wasiwasi kweli. Hukudanganywa. Cranach alichora juu ya mbao za mti wa lindeni. Kwanza ubao hupakwa tabaka jeupe la chaki na gundi, unasuguliwa hadi unakuwa laini kama ganda la yai, kisha rangi za mafuta hulala juu yake. Tatizo la mbao ni kwamba hazifi. Hewa ikiwa na unyevu zinavimba, ikikauka zinajikunja, na rangi iliyokaa juu, ambayo haiwezi kuvimba wala kujikunja, inapasuka na kubanduka. Ongeza fukusi wanaotoboa lindeni kwa raha kwa vile ni mti laini.

Watengenezaji wa picha wa zamani walikuwa na dawa moja ya kutisha. Walibandika karatasi na gundi juu ya uso wa picha ili rangi ishikwe isitawanyike, wakaipindua, uso chini, halafu wakaanza kuondoa ubao kutoka mgongoni kwa randa na patasi. Wanaranda, wanaranda, ubao unakuwa mwembamba kama kadi, kama karatasi, mpaka wanafika kwenye lile tabaka la chaki. Hapo picha nzima ya miaka mamia ni ngozi tu, haina mfupa. Wanaibandika juu ya kitambaa kipya, wanaipindua tena, wanalowesha zile karatasi za usoni na kuziondoa. Mimi nimefanya kazi ya kutunza picha miaka mingi na sijawahi, wala sitaki, kushika patasi kwa kazi hiyo. Siku hizi karibu hakuna anayeifanya. Tunadhibiti hewa ya chumba badala ya kuchinja ubao. Lakini iliyofanyiwa hivyo haiwi nakala. Rangi ni ileile ya mkono wa Cranach. Kilichopotea ni mbao, na pamoja nazo alama za nyuma ambazo zingetueleza mengi. Ukipata nafasi, isogelee kwa pembeni mwanga ukiipiga ubavu. Kuna wakati nyuzi za kitambaa huonekana zikijisukuma juu kupitia rangi, kama mbavu za mtu chini ya shati.

Kuhusu mkono wenyewe, sikuahidi kwamba kila tundu la nguo ile limechorwa na Cranach. Alikuwa na karakana kubwa Wittenberg, na kaburi lake kule Weimar limeandikwa kwamba alikuwa mchoraji mwepesi kuliko wote. Karakana yake ilizichukua sura kwanza kwenye karatasi, mwenyewe akiwa amekaa mbele. Mji wa Reims nchini Ufaransa unazo karatasi kadhaa za namna hiyo, sura tupu, shingo inaishia hewani. Mwenye sura akaenda zake, karatasi ikabaki, na nguo zikachorwa baadaye.

Njia hiyo baadaye iligeuka kiwanda. Mwaka 1533 karakana ililipwa gulden 109 na groschen 14 kwa jozi 60 za picha ndogo za Friedrich Mwenye Hekima na ndugu yake Johann, wote wakiwa marehemu, ambazo mrithi alitaka kuzigawa kwa wakubwa wenzake. Mbao 120, sura mbili, zenye mashairi yaliyochapwa kwenye karatasi na kubandikwa chini. Gawanya mwenyewe uone ubao mmoja ulipata nini. Nakutajia hili kwa sababu moja ya vitendo: ukiwa huko Saksonia, siku moja utakutana na ubao mdogo sokoni wenye mzee mnene wa ndevu na kofia nyeusi, na mtu atakuapia ni Cranach. Huenda ni wa karakana, na kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba ni nakala ya karne ya 19, wakati Wajerumani walipozipenda tena picha hizi. Usitoe hela kabla mtu hajaupindua ubao na kuutazama mgongo. Heinrich na Katharina wa mwaka 1514 si wa kundi hilo. Mbao za kimo cha mtu hazikuchorwa kwa dazeni.

Ukipata Jumapili nyingine bila zamu, panda treni ya kwenda Freiberg, haizidi saa moja kutoka Dresden, uingie kanisa kuu la mji. Baba yake Heinrich na kaka yake wamezikwa Meissen, mahali pa heshima pa ukoo. Yeye alitaka azikwe Freiberg, mji wa posho yake, na baada yake watawala wa Dresden waliokuwa Walutheri wakamfuata huko karne nzima na zaidi. Nenda mpaka mwisho kabisa wa kanisa, penye makaburi yao. Juu utaona sanamu za shaba za wakubwa hao, kazi ya fundi wa Kiitalia wa miaka ya 1590, na mmoja wao ni Heinrich, amepiga magoti. Mkewe naye yupo. Safari hii usimpite bila kumwangalia.